Ulimi wa ghaibu: kuielewa Dune kabla ya filamu ya tatu

Mwaka juzi niliitazama Dune: Part Two nyumbani kwa babu, Tanga, kwenye kompyuta mpakato niliyoiweka juu ya stuli. Babu amefundisha chuo cha Qurani miaka mingi, Kiingereza chake ni cha kuombea maji, na nilijua atasinzia kabla ya nusu saa. Lakini watu wa jangwani walipoanza kumkodolea macho Paul, kijana mgeni ambaye ndiye mhusika mkuu, huku wakinong'onezana "Lisan al-Gaib", alitua kikombe chake cha chai.

"Rudisha hapo, mjukuu wangu."

Nikarudisha. Akasikiliza akiwa amefumba macho. "Lisani ya ghaibu," akasema. "Ulimi wa ghaibu. Hawa wamelitoa wapi jina hili?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nimelitafuta tangu siku ile, na kadiri ninavyolipata ndivyo ninavyozidi kuisubiri filamu ya tatu kwa hamu, maana swali la babu ndilo fundo lenyewe la hadithi hii. Jina lile limetoka wapi, nani alilipanda, na linamfanya nini anayelibeba?

Kwanza tuondoe mkanganyiko mmoja unaowasumbua wengi. Filamu ya tatu, Dune: Part Three, imepangwa kutoka tarehe 18 Desemba 2026, na mwongozaji ni yuleyule, Denis Villeneuve wa Kanada. Lakini haitokani na kitabu kilekile. Riwaya ya Dune ya Frank Herbert, iliyochapishwa mwaka 1965, aliigawa vipande viwili, akatengeneza filamu ya 2021 na ile ya 2024. Hii ya sasa inatokana na kitabu cha pili, Dune Messiah, cha 1969. Ni kitabu chembamba, chenye huzuni, na sehemu kubwa yake ni watu kuzungumza vyumbani. Anayekwenda sinema akitarajia vita vingine vya kupanda minyoo mikubwa ya mchangani anaweza kutoka ameduwaa, kama walivyoduwaa wasomaji wa 1969.

Ili kujua kwa nini waliduwaa, inabidi turudi nyuma. Herbert alikuwa mwandishi wa habari wa magharibi ya Marekani. Mwaka 1957 alikwenda Florence, mji wa pwani ya Oregon, kuandika makala kuhusu wataalamu waliokuwa wakipanda majani ili kuzuia vilima vya mchanga visifukie barabara na nyumba. Makala ile haikukamilika, lakini mchanga haukumtoka kichwani. Akasoma kuhusu majangwa, dini zinazozaliwa humo, na watu wa jangwani wanaopigana na dola kubwa. Kitabu kilichomwachia alama kubwa ni kile cha Lesley Blanch, The Sabres of Paradise, cha 1960, kinachosimulia vita vya Imamu Shamil na Waislamu wa milima ya Kaukazi dhidi ya jeshi la Urusi katika karne ya 19. Viongozi waliokuwa chini ya Shamil waliitwa manaibu. Ukifungua Dune, unamkuta Stilgar, mkuu mmoja wa Wafremeni, wale watu wa jangwani, akiitwa Naib.

Hapo ndipo msomaji wa Kiswahili anapopata ufunguo ambao wengine hulazimika kuutafuta kwenye faharasa nyuma ya kitabu. Herbert aliazima Kiarabu kwa mikono miwili, nasi Kiarabu hichohicho tumekiweka ndani ya nyumba karne nyingi. Naib ni naibu. Mnyoo wa mchangani, ukiogopwa, huitwa Shaitan, na huyo hahitaji kutambulishwa. Paul anapopewa jina la siri, anaitwa Usul, yaani msingi wa nguzo: ni ukoo mmoja na neno letu asili. Jina lake la hadharani analichukua kwa panya mdogo wa jangwani, Muad'Dib, nalo kwa Kiarabu ni yule anayetia wengine adabu, anayewaadibu. Nilipomweleza babu hili alitikisa kichwa kwa furaha. Kijana wa miaka 15 anajiita mwalimu wa adabu mbele ya watu wazima, na watu wazima wanakubali! Mwenye Kiswahili anausikia uzito na hatari ya jina lile papo hapo, bila mtu kumfafanulia.

Kuna neno moja ambalo Villeneuve alilikwepa. Katika riwaya, vita ambavyo Paul anaviona vikija vinaitwa jihad tangu mwanzo. Kwenye filamu, Paul anazungumzia vita vitakatifu. Ninaelewa kwa nini: neno hilo leo linabeba mambo ambayo mwaka 1965 halikuyabeba kwa msomaji wa Marekani. Lakini kuna kitu kimepungua. Kwetu jihadi inakaa jirani na juhudi na jitihada, maneno tunayowaambia watoto kila siku wanapokwenda shule. Herbert alitaka tuone jinsi jitihada halali ya watu walioonewa inavyoweza kutekwa na mtu mmoja ikageuka moto. Ukiliondoa neno, daraja kati ya vitu hivyo viwili linakuwa jembamba zaidi.

Sasa jibu la swali la babu: wamelitoa wapi jina hili? Ndani ya hadithi, walipewa. Kuna shirika la siri la wanawake, Bene Gesserit, ambalo kwa vizazi vingi limekuwa likituma watu wake kwenye sayari maskini kupandikiza bishara: atakuja mwokozi kutoka nje, mama yake atakuwa mwanamke wa shirika, ataijua mila yenu kana kwamba kazaliwa nayo. Bishara zile hazikupandwa kwa imani. Zilipandwa ili siku mwanamke wa shirika akikwama huko, apate pa kujificha. Jessica, mama yake Paul, anapotupwa jangwani na mwanawe, anajua kabisa shamba hilo limelimwa na nani. Anavuna. Kwa hiyo lile jina lililomfanya babu aache chai yake ni mtego uliotegwa karne nyingi kabla, na Wafremeni, watu hodari wenye haki zote za kudai sayari yao, wananasa humo wakiwa na machozi ya furaha.

Paul naye anajua. Hilo ndilo linaloifanya hadithi hii iwe chungu kuliko hadithi nyingi za wateule. Anaona mbele bilioni za maiti, anajaribu kukwepa, kisha anafika mahali ambapo kisasi na kuokoa nafsi yake vinamtaka alivae lile joho la mwokozi. Analivaa.

Wasomaji wa 1965 hawakuliona hilo. Au waliliona wakalipita, kwa sababu riwaya imeandikwa kwa nguvu kiasi kwamba unajikuta umesimama upande wa Paul, unamshangilia anapomtupa Kaisari chini ya kiti. Herbert alieleza mara nyingi baadaye kwamba alikuwa akituonya juu ya viongozi wenye mvuto, wale ambao watu huwakabidhi akili zao. Dune Messiah ilikuja kulisema hilo bila kificho. John W. Campbell, mhariri wa jarida la Analog lililokuwa limeichapisha Dune kwa vipande, alikikataa kitabu cha pili; hakupenda kumwona shujaa akivunjwavunjwa. Kikatoka kwenye jarida jingine, Galaxy, mwaka 1969. Humo Paul, ambaye sasa ni Kaisari kwa miaka 12, anajihesabia mwenyewe: kwa makadirio ya chini ameua watu bilioni 61, ameziangamiza sayari 90 zisibaki na uhai, na wafuasi wa dini 40 wamefutwa. Anamfundisha Stilgar historia ya kale ya Genghis Khan na Hitler, na Stilgar, naibu mwaminifu, anashangaa kwamba watu hao waliua wachache hivyo.

Ukurasa ule ninaurudia mara kwa mara. Hakuna damu ndani yake, hakuna upanga. Ni watu wawili wanaongea, na mmoja wao amekwishapoteza kipimo.

Mwaka huohuo wa 1969, huku kwetu, Ebrahim Hussein alichapisha tamthilia yake Kinjekitile. Hakuna aliyemwiga mwenzake, lakini nikiziweka kazi hizi mbili mezani naona zinatazamana. Kinjekitile wa kwenye tamthilia anatoka na maji na neno la kuwaunganisha watu dhidi ya Wajerumani, na neno linakua, linakuwa kubwa kuliko aliyelizaa, mpaka yeye mwenyewe hawezi tena kulirudisha. Waliosoma tamthilia ile shuleni wana maandalizi mazuri kwa filamu ya Desemba kuliko wanavyojua. Tofauti ni kwamba Kinjekitile analitafakari neno lake mapema, watu wakiwa bado hawajaingia vitani. Paul analitafakari akiwa kwenye kasri, baada ya kushinda kila vita, na ushindi ndio unaomfunga.

Filamu iliyotangulia hizi za Villeneuve ilishindwa hapohapo. Ile ya David Lynch ya 1984 inamaliza kwa Paul kuiteremsha mvua juu ya sayari ya jangwa, kila mtu akishangaa. Ni picha nzuri, na inaharibu kila kitu. Ndani ya riwaya maji ni sumu kwa minyoo, na minyoo ndiyo inayotoa kile kiungo kiitwacho spice, ambacho dunia zote zinakigombania. Mvua kubwa ingekuwa msiba. Baya zaidi, muujiza wa kweli unamfanya Paul kuwa mungu wa kweli, na ile bishara ya kupandikizwa inageuka kuwa kweli tupu. Onyo limefutwa kwa dakika mbili.

Villeneuve alijifunza kutokana na hayo, na dawa yake aliitia mapema, ndani ya filamu ya pili. Alimtumia Chani. Kwenye riwaya Chani ni mwenzi mtiifu wa Paul, anayemwamini mwanzo hadi mwisho. Paul anapomwoa Irulan, binti wa Kaisari, kwa sababu za kisiasa, Chani anabaki kuwa suria wake, na Jessica anamfariji kwamba historia itawaita wao, masuria, kuwa wake wa ndoa. Kwenye filamu, Chani anayechezwa na Zendaya ni kijana wa kaskazini asiyeamini bishara, anayesema waziwazi kwamba hadithi za mwokozi ni pingu. Siku ya ushindi, wengine wakipiga magoti, yeye anatoka nje, anachomeka mtambo wa kuitia mnyoo mchangani, na kusubiri peke yake. Filamu inaishia kwenye uso wake.

Nilisimama nikapiga makofi, na babu akaniuliza kama nina wazimu. Lakini furaha ile ilipopoa, nikaanza kuhesabu. Dune Messiah yote imeegemea juu ya Chani aliye kando ya Paul. Anataka mtoto, hapati, na sababu ni Irulan, ambaye kwa maelekezo ya Bene Gesserit anamwekea kwa siri dawa ya kuzuia mimba kwenye chakula. Mke wa ndoa asiyeguswa na suria anayependwa, nyumba moja, urithi wa dola nzima katikati. Hadithi hiyo mtu wa pwani anaielewa bila kamusi. Sasa Villeneuve amempeleka Chani jangwani akiwa na hasira ya haki. Atamrudishaje bila kuivunja heshima aliyompa? Akirudi kwa sababu ya mapenzi tu, filamu ya pili itakuwa imetudanganya. Asiporudi, kitabu cha tatu katika mfululizo, kile kinachofuata Dune Messiah, hakina pa kuanzia. Kwangu hilo ndilo fundo gumu kuliko yote.

Fundo la pili ni umri. Riwaya ya kwanza inapita miaka kadhaa, na Alia, mdogo wake Paul, anazaliwa na kukua kiasi cha kumuua adui wa ukoo wao akiwa mtoto mdogo. Villeneuve alibana matukio yote ndani ya miezi isiyofika tisa, Alia akabaki tumboni akizungumza na mama yake. Anya Taylor-Joy, anayemcheza Alia, tulimwona kwa sekunde chache katika maono tu. Ili Alia awe mtu mzima, hadithi lazima iruke miaka mingi mbele. Riwaya nayo inaruka miaka 12, kwa hiyo hapa mwongozaji na mwandishi wamekutana, japo kwa njia tofauti. Ila kule kuruka kunazua tatizo: vita vyenyewe, zile bilioni 61, vinapita wakati kitabu kimefungwa. Herbert hakutuonyesha hata uwanja mmoja wa mapambano. Alituonyesha mahujaji, makuhani, na maskani ya wafalme. Filamu ya fedha nyingi kiasi hiki itavumilia kukaa vyumbani?

Wale ambao hawajasoma kitabu na wanataka kuingia bila kujua chochote, waishie hapa. Mwisho wenyewe sitausimulia, lakini yafuatayo yanatoka katikati ya hadithi.

Kuna njama. Wanne wanakutana kumwangusha Paul: Mama Mkuu wa Bene Gesserit, Irulan, Edric ambaye ni nahodha wa vyombo vya anga, na Scytale, mtu wa jamii nyingine iitwayo Bene Tleilax, awezaye kubadili sura yake ikawa ya mtu yeyote. Huyu wa mwisho atachezwa na Robert Pattinson. Mtu atauliza: unamfanyiaje njama mtu anayeiona kesho? Jibu ni Edric. Manahodha nao huona mbele kidogo, ndivyo wanavyopitisha vyombo kati ya nyota, na wenye uoni hufichana. Fikiria watu wawili gizani, kila mmoja na tochi, wakimulikana usoni: kila mmoja anaona mwanga tu, na waliosimama nyuma ya mwenye tochi wamefichika. Ndiyo maana njama zinapangwa mbele ya Edric, akiwa ndani ya tangi lake la gesi.

Wanamletea Paul zawadi. Duncan Idaho, rafiki na mwalimu wake wa silaha aliyeuawa kwenye filamu ya kwanza, amefufuliwa kutoka kwenye mwili wake, akapewa macho ya chuma na jina jipya, Hayt. Jason Momoa anarudi kwa sababu hiyo. Hayt hakumbuki kuwa yeye ni Duncan. Anaulizwa kazi yake ni nini, na anajibu kwamba ametumwa kumwangamiza Kaisari. Paul anaisikia kauli hiyo, anaijua ni kweli, na bado anampokea, kwa sababu uso ule ni wa rafiki yake. Nikisoma ukurasa huo huwa simlaumu.

Na kuna macho. Paul anapigwa na silaha ya atomiki inayounguza macho. Kwa mila za Wafremeni, kipofu huenda jangwani akaachiwa minyoo. Lakini Paul anaamka, anatembea, anamtazama anayezungumza naye, anaeleza rangi ya nguo yake. Askari wanaogopa kuliko walivyowahi kuogopa. Anachokifanya ni hiki: maono yake ya siku zijazo ni kamili kiasi kwamba anaishi ndani yake kama mtu anayerudia kitu alichokariri. Anajua mlango uko wapi kwa sababu alishajiona akiufungua. Lakini lazima kila neno analosema na kila hatua anayopiga ifanane na alichokiona. Akikosea moja, giza.

Nilipolieleza hili kwa babu, sikuhitaji kumaliza. Kiswahili kina neno lake: anatembea kwa ghaibu. Mtoto wa chuo anaposoma sura kwa ghaibu, huwa amefumba macho na kuyumba kidogo mbele na nyuma. Aya inaita aya, na akipoteza neno moja katikati hawezi kulirukia linalofuata, inabidi arudi mwanzo. Babu amewasikiliza watoto wakisoma hivyo maisha yake yote. Anajua uso wa anayeelewa anachosoma, na uso wa aliyenaswa na mdundo tu, ambaye ulimi unakwenda wenyewe. Yule aliyeitwa ulimi wa ghaibu ameishia huko: kuisoma kesho kwa ghaibu, herufi kwa herufi, hata penye neno ambalo angetoa roho yake lisitamkwe.

Riwaya inaweza kutuingiza kichwani mwake na kutueleza hayo kwa sentensi moja. Kamera haina njia hiyo. Ikituonyesha chumba chenye mwanga, tutasahau kwamba ni kipofu. Ikituonyesha giza, tutasahau kwamba anaona. Sehemu ya filamu hii ilipigwa jangwani Abu Dhabi na sehemu kwenye studio za Budapest, mpigapicha mkuu safari hii ni Linus Sandgren, na mambo mengi juu yake yameshasemwa na yatasemwa. Mimi na babu tunasubiri kuona jambo moja tu: Paul akiingia ukumbini bila macho, na watu wake wakimpisha njia, kamera itasimama upande gani wa uso wake.